Maegesho nafuu ya gari-nyumba ukienda kasino za Nevada: piga hesabu ya usiku mzima

Gari-nyumba, lile ambalo Wamarekani huliita RV, huwa na kimo cha mita 3 hadi 4. Majengo mengi ya maegesho ya kasino za Strip, barabara kuu ya kasino mjini Las Vegas, yana dari la mita 2 na kidogo. Anayefika Ijumaa jioni bila mpango hujikuta anazunguka na gari la futi 30 asijue pa kuingilia wala pa kugeuzia, na mwishowe hulipa bei yoyote atakayotajiwa. Ughali wa maegesho huanzia hapo, kwenye kuchelewa kuamua.

Usiulize tu "usiku mmoja bei gani?" Gharama ya usiku ina mafungu matatu: ada ya nafasi, mafuta (ya kuendea mjini na ya jenereta), na fedha ambayo maegesho yenyewe yatakusukuma uiache kwenye mashine. Hili la tatu ndilo watu hulisahau, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Tuanze na maegesho ya bure. Kasino nyingi zilizo nje ya miji mikubwa huruhusu gari-nyumba kulala kwenye lami yao usiku mmoja au miwili. Baadhi ya hizo ziko kwenye ardhi za makabila ya Wahindi Wekundu, ambayo yalianza kufungua kasino kwa wingi baada ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1988. Kila kabila lina mamlaka kwenye ardhi yake, kwa hiyo ruhusa uliyopewa kwenye kasino moja haikusaidii kitu kwenye nyingine, hata kama ziko barabara moja. Piga simu mchana wa siku hiyohiyo, na omba uunganishwe na walinzi, si mapokezi ya hoteli. Mapokezi wanajua vyumba, walinzi ndio watakaokugongea mlango saa 8 usiku. Waulize kama kulala ndani ya gari kunaruhusiwa, kwa saa ngapi, upande gani wa uwanja, na kama ni lazima uwe na kadi ya mchezaji. Andika jina la aliyekujibu.

Ukifika, nenda kwa walinzi kabla hujazima taa. Watachukua namba ya gari, na mara nyingine watakupa karatasi ya kuweka kwenye kioo cha mbele. Egesha pembezoni kabisa. Usitandaze turubai la kivuli, usitoe viti wala jiko la mkaa, na usisukume nje vyumba vya pembeni vya gari. Wenye kasino huhesabu hayo kuwa ni kupiga kambi, na sehemu nyingi zilizofunga milango yao kwa magari-nyumba zilifanya hivyo kwa sababu ya wageni wa namna hiyo na takataka walizoacha. Jeki za kusawazisha gari hutoboa lami iliyolainika kwa jua. Ikibidi kuzishusha, weka chini ya kila moja kipande cha mbao pana cha sentimita 30 kwa 30.

Sasa hesabu. Kadi ya mchezaji ni ya bure, ichukue. Ila elewa kazi yake: inaiwezesha kasino kujua unacheza kiasi gani, kisha inakurudishia sehemu ndogo kama takrima, yaani chakula, chumba au nafasi ya kuegesha. Chukua mashine ya sloti ya senti 50 kwa mzunguko. Ukizungusha mara 500 kwa saa umepitisha dola 250. Mashine ikibakisha senti 8 kwa kila dola, saa hiyo imekugharimu dola 20 kwa wastani. Ukicheza saa tatu ili upate "usiku wa bure", umelipa dola 60. Nafasi yenye umeme, maji na bomba la maji taka ya dola 45 ingekuwa nafuu kuliko hiyo ya bure, tena ungelala na kiyoyozi.

Ndiyo maana ushauri wetu ni huu: ada ya maegesho ilipe kwa pesa taslimu au kadi kabla hujaingia ukumbini, kwenye fungu la safari, na fungu la mchezo likae kando kabisa. Usicheze hata mzunguko mmoja kwa ajili ya kupata takrima. Na ukicheza, angalia meza. Ruleti, yaani gurudumu la namba, ikiwa na sifuri mbili huipa kasino asilimia 5.26 ya kila dau, ile yenye sifuri tatu asilimia 7.69, na hiyo ya sifuri tatu ndiyo imejaa Strip siku hizi. Kwenye blackjack, mchezo wa karata, meza inayolipa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2 ukipata blackjack yenyewe huongeza faida ya kasino kwa takribani asilimia 1.4 ya dau. Kinachookolewa kwenye maegesho kwa siku tatu kinaweza kuliwa hapo kwa nusu saa.

Asiyecheza kabisa, na Waislamu wengi wanaosafiri na familia wamo humo, hazuiwi kupanga nafasi kwenye kiwanja cha kasino. Analipa ada yake kama mteja mwingine yeyote, wala hana haja ya kupita ukumbini.

Kuhusu mahali. Circus Circus ina kiwanja cha magari-nyumba kaskazini mwa Strip. Unalipia ukaribu, lakini ukishaegesha huhitaji tena kuliwasha gari. Basi la Deuce hupita Strip saa 24. Upande wa mashariki, Boulder Highway, kuna viwanja vya Sam's Town na Arizona Charlie's, na kwa kawaida bei huko ni ya chini. Ukipiga simu, taja urefu wa gari lako pamoja na lile unalolivuta nyuma kama unalo, na mwaka lilipotengenezwa, kwani viwanja vingi havipokei gari lenye zaidi ya miaka 10 bila kuona picha. Uliza jumla baada ya kodi na ada zote, si bei ya tangazo. Uliza pia bei ya wiki: mara nyingi usiku 7 hulingana na bei ya 5 au 6. Bei ya mwezi ni nafuu zaidi, ila umeme husomwa kwenye mita na kulipiwa kando, na Agosti mita hiyo haina huruma.

Jumapili hadi Alhamisi ni nafuu, Ijumaa na Jumamosi ni ghali. Hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni Desemba: fainali za kitaifa za rodeo, mashindano ya kupanda farasi na mafahali, huchukua siku 10 mjini Las Vegas, na mashabiki wake husafiri kwa magari-nyumba na matrela ya farasi. Wageni wa mashindano ya magari ya Formula 1, yaliyorejea mjini mwaka 2023, hujaza hoteli mwezi Novemba. Wa rodeo hujaza hasa viwanja vya magari-nyumba. Tazama kalenda kabla ya kuomba likizo kazini.

Laughlin, kando ya mto Colorado, maili 95 hivi kusini mwa Las Vegas, ndiko tungempeleka anayetaka unafuu kwanza. Kiwanja cha kasino ya Riverside kina nafasi zaidi ya 700, na kasino nyingine zimepangana kando ya mto, unazifikia kwa miguu. Ila bei ikiporomoka kiangazi, ujue ni jua lililoishusha. Rekodi ya joto ya jimbo zima la Nevada, nyuzi 51.7 za Selsiasi, ilipimwa Laughlin mwezi Juni 1994. Nenda Novemba hadi Machi. Ukienda Julai, nafasi yenye umeme si anasa: jenereta ya wati 4,000 ikiendesha kiyoyozi hula takribani lita 2 kwa saa, kwa hiyo saa 10 ni galoni 5. Petroli ikiwa dola 4 kwa galoni, "bure" imeshafika dola 20, na majirani hawajalala.

Kwenye sanduku la umeme la kiwanja pana kazi ya dakika tano ambayo hupaswi kuiruka. Zima breka ya sanduku kwanza. Tundu la pini tatu ni la ampea 30, wati 3,600 basi. La pini nne ni la ampea 50, lenye njia mbili, jumla wati 12,000. Nafasi ya ampea 30 huwa nafuu kwa dola kadhaa, na adapta hukuruhusu kuitumia hata kwa gari la ampea 50, lakini hapo ni kiyoyozi kimoja tu, na kizime kabla ya kuwasha maikrowevu. Chomeka kwanza kifaa cha kulinda umeme, washa breka, na usome volti. Kati ya 110 na 125 ni salama. Pima tena saa 10 jioni, viyoyozi vya kiwanja kizima vikiwa vinanguruma: kwenye viwanja vikuukuu volti hushuka, na motor ya kiyoyozi huanza kuvuta ampea nyingi zaidi kuufidia upungufu, hadi iungue. Ikishuka chini ya 104, zima kiyoyozi na udai kuhamishwa. Plagi ikiwa na doa jeusi au imelainika kwa joto, usiibane kwa nguvu, badilisha nafasi.

Kwenye bomba la maji weka kipunguza presha cha psi 45 hivi. Vali ya tangi la choo iache imefungwa hadi tangi lijae theluthi mbili. Ukiiacha wazi, maji hutiririka na kinyesi hubaki, kinarundikana chini ya choo na kuwa kigumu kama udongo wa kichuguu. Siku ya kuondoka fungua tangi la choo kwanza, kisha la maji ya kuogea na kuoshea, ili hayo ya pili yasafishe mpira wa kumwagia. Ukipanga usiku mmoja wenye huduma zote kisha miwili ya bure, jaza maji safi na umwage matangi asubuhi kabla ya muda wa kutoka, ambao mara nyingi ni kati ya saa 5 na saa 6. Jumapili foleni ya sehemu ya kumwagia hufika magari sita au saba, basi amka saa 12.