Maana za "power"

Je, neno la Kiingereza "power" maana yake ni "nguvu" tu? Hapana. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuweza, kikapitia Kifaransa cha kale, ndiyo sababu maana zake zimetawanyika hivi. Kwenye siasa ni mamlaka au madaraka. Umeme ukikatika, Mwingereza husema "power" imekatika. Kwenye hesabu ni kipeo: 2 kwa kipeo cha 3 ni 8, hakuna nguvu yoyote hapo.

Kwenye fizikia ndiko watu wengi huteleza. Nimefundisha somo hilo, na kila mwaka naona wanafunzi wakichanganya. Kani husukuma au kuvuta, nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na "power" ni kasi ya kutumia nishati hiyo. Wati 1 ni jouli 1 kwa sekunde. Kwa hiyo uniti unazonunua za LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, ni nishati, si "power": uniti 1 ni wati 1,000 kwa saa nzima, yaani jouli milioni 3.6.

Ila katika mazungumzo ya kawaida, "nguvu" inatosha mara nyingi. Kwenye mtihani haitoshi.