Usitoe moduli ya kerneli kwa rmmod wakati kolbeki zako (fanksheni ulizoomba ziitwe baadaye) bado ziko foleni, mimi yalinikuta

Wakuu hii kitu ilinila siku mbili nzima na dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu wa kodi (code). Nilikuwa na kamoduli kangu ka Linux (kipande cha kodi kinachopachikwa kwenye kerneli) kanatunza orodha ya koneksheni, kila nikitoa moja kwenye orodha naiachia call_rcu, yaani naipa kerneli kolbeki yangu ije kusafisha memori baadaye, wasomaji wote wa hiyo orodha wakishatoka. Moduli inapiga kazi fresh, ukipiga rmmod inatoka bila kelele, halafu sekunde moja tu mashine inaganda. Tena sio kila mara, ndo ubaya wenyewe, unaitoa mara kumi salama ya kumi na moja inakufa.

Nikaikodolea macho ile oops (ripoti ya kerneli ikipata ajali). Kwenye RIP (anwani ya kodi iliyokuwa inaendeshwa) hakuna jina la fanksheni, kuna namba tupu inayoanza na ffffffffc0, chini yake rcu_do_batch (ndo inayoita kolbeki za foleni), na mwisho wa ile orodha ya moduli kumeandikwa last unloaded na jina la moduli yangu. Yaani kerneli imeenda kuita fanksheni yangu ikakuta kiwanja kitupu. Ni kama umempa fundi namba ukamwambia nipigie ukimaliza, halafu hajamaliza wewe ushatupa laini.

Na lsmod (amri ya kuorodhesha moduli na hesabu ya wanaoitumia) isikudanganye. Inakuonyesha sifuri, unaona hakuna anayeitumia, kumbe ile hesabu haigusi kabisa kolbeki zilizoko foleni.

Mimi nilikuwa nimeweka synchronize_rcu kwenye fanksheni ya kutokea (inayoitwa moduli ikitolewa) nikajua nimemaliza. Wapi! Hiyo inasubiri wasomaji waliokuwa ndani watoke, basi, kolbeki yako inaweza kuwa bado imelala kwenye CPU nyingine huko. Nikajaribu msleep ya sekunde moja (msicheke), ikapunguza ajali ila haikuzimaliza. Inayotakiwa ni rcu_barrier, yenyewe inapanga kolbeki yake nyuma ya zako kwenye kila CPU yenye foleni na hairudi mpaka zote zimeshapita.

Sasa mpangilio ndo kila kitu hapa. Kwanza funga mlango, jiondoe kote ulikojisajili ili asije mtu mwingine akaita call_rcu mpya, halafu ua taima kwa timer_delete_sync, kerneli za zamani ni del_timer_sync, na kazi za workqueue (foleni ya kazi za kufanywa pembeni) kwa cancel_work_sync. Kama taima na kazi zinaamshana zenyewe kwa zenyewe, kuanzia kerneli 6.2 kuna timer_shutdown_sync, ukishaizima nayo hata mtu akijaribu kuiwasha haiwaki. Hapo ndo unaita rcu_barrier, na kama una kmem_cache yako (bwawa lako la memori) unaivunja baada ya hapo. Ukianza na rcu_barrier wakati taima bado inatupa call_rcu, umefagia huku mvua ya majani inaendelea kunyesha.

Wanaotumia call_srcu (ya SRCU, aina ya RCU ambayo wasomaji wake wanaruhusiwa kulala), rcu_barrier haiwahusu, ya kwenu ni srcu_barrier. Na kama kusafisha kwako kote ni kfree_rcu tu (inaachia memori bila kolbeki yako) basi tulia, fanksheni inayoitwa iko ndani ya kerneli yenyewe, haiondoki na moduli yako.

Kutesti, washa KASAN (kikagua makosa ya memori cha kerneli), ingia QEMU (mashine ya kuigiza), andika lupu ya insmod (kupachika moduli), trafiki kidogo, rmmod, iache ikimbie usiku kucha. Sio kwenye laptopu ya kazi kama mimi, ambayo iliganda mara tatu, ya tatu nikiwa sijasevu ripoti ya wiki nzima.