Tangi la bure na vumbi la betri: yaliyonikuta mimi, someni kabla hamjasaini

Ndugu mwenye uzi, swali lako nimelisoma mara mbili nikashindwa kupita kimya. Kwa waliochelewa: jamaa anasema nyuma ya ploti zao kumefunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, moshi unashuka usiku watu wakilala, na sasa kampuni imekuja na ofa, tangi la maji la lita 10,000 pamoja na madawati ya shule, ila wazee wa mtaa watie saini barua kwamba "jamii haina pingamizi". Anauliza wakikataa si wataonekana hawana shukrani?

Nitakujibu kwa yangu mwenyewe. Ni refu, mnivumilie.

Mimi nimefanya kibarua kwenye yadi ya namna hiyo miezi 8, huku huku Mombasa upande wa bara. Jina la kampuni sitaji na msinifuate inboksi kuniuliza. Kazi yangu ilikuwa kupasua. Betri ikija unamwaga asidi, unaipiga shoka, plastiki unatupa huku, zile bamba za risasi (madini ya lead, si risasi ya bunduki) zinaenda kwenye tanuru. Glavu jozi moja kwa wiki 2, zikitoboka shauri yako. Ovaroli yangu ya kwanza haikumaliza mwezi, asidi iliitoboa ikawa kama chekecheke. Na mdomoni jioni unasikia kitu kama utamu hivi, utamu wa ajabu ajabu, hata chai bila sukari unaona sawa tu.

Kabla ya kutoka kila mtu anapewa paketi ya maziwa. Supavaiza anatwambia maziwa yanasafisha kifua, tukaamini bana. Mimi hata nilikuwa siyanywi, nampelekea mtoto nyumbani, na najiona baba wa maana kabisa. Kumbe nilichokuwa nampelekea hasa kilikuwa kwenye ile ovaroli, maana nilikuwa narudi nayo hivyo hivyo, mtoto ananikimbilia mlangoni namnyanyua, halafu mama watoto anaifua kwenye beseni lile lile la nguo za mtoto.

Mtoto alikuwa anaelekea miaka 3. Alianza na tumbo, hali chakula, choo kigumu, usiku analia tu. Kilichonitisha ni maneno, alikuwa ameshaanza kuunga maneno mawili matatu, yakapungua badala ya kuongezeka. Zahanati wakasema malaria. Tukarudi, wakasema taifodi. Tukapewa dawa ya minyoo. Bibi mmoja jirani akasema huyu ana zongo, akasomewa, na hapo pia tulilipa. Miezi 4 imekwenda hivyo mpaka tukakutana na daktari mmoja kijana ambaye hata hakumgusa mtoto kwanza, aliniangalia mimi mikono akaniuliza, "Baba, unafanya kazi gani?"

Damu ikapelekwa maabara kubwa, hela tukakopa kwenye chama cha mama. Majibu yakaja na namba 18, mikrogramu 18 za risasi kwa desilita. Nikamuuliza ni nyingi? Akaniambia Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia 5 tu tafuteni chanzo mkiondoe, na kiwango salama hakuna. Nikamwambia basi mpe dawa ya kuitoa. Akasema dawa ya kuivuta risasi kwenye damu kwa watoto inapendekezwa kuanzia 45, huyu dawa yake ni wewe uache kuileta nyumbani. Hilo neno sijalisahau mpaka leo.

Nikaacha kazi Ijumaa ile ile. Sasa nikadhani nimeshamaliza, chanzo ni mimi, na mimi nimetoka. Baada ya miezi 3 tukapima tena, 16. Imeshuka kidogo sana. Daktari akauliza maji mnatoa wapi.

Na hapa ndipo nataka mwenye uzi ukae vizuri. Sisi pia tulipewa tangi! Jeusi, kubwa, jina la kampuni limeandikwa kwa rangi nyeupe, siku ya kulizindua kulikuwa na hema na soda na mheshimiwa mmoja akakata utepe. Lilikuwa la kuvuna maji ya mvua. Mfereji wake ulitoka kwenye paa la madrasa, ambalo liko hatua kama 60 kutoka kwenye bomba la moshi la yadi, mabati yake yashaliwa mpaka ukikaa ndani mchana jua linaingia vitone vitone. Yaani vumbi la tanuru linatua juu ya bati, mvua ya kwanza inaliosha, linaingia tangini, watoto wetu wanakinga wanakunywa. Niliambiwa nipande ngazi nichungulie ndani. Chini kulikuwa na tope la kijivu, zito, laini kama unga wa muhogo uliolowana. Nililijua, maana nimelifagia miezi 8.

Tukaenda kulalamika ofisini, watu kama 20 hivi. Afisa akatusikiliza vizuri tu, akafungua faili akatoa barua. Ile ya tangi. Saini za wazee 11 na vitambulisho vyao, wa 7 ni mjomba wangu mimi, imeandikwa wakazi walishirikishwa na hawana pingamizi. Mjomba alidhani anasaini kupokea mzigo. Kwa hiyo usiniambie ile karatasi yenu ni ya heshima tu. Karatasi ndiyo bei, tangi ni chenji.

Wengine mnasema huyu anatia watu hofu. Haya, tuachane na yangu, tuchukue ya Owino Uhuru, ambayo iko kwenye rekodi za mahakama. Ni hapa hapa Mombasa, kule Jomvu, mtaa wa watu kama 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kimepakana na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa humo humo, mwanawe akaugua, akatibiwa malaria na taifodi, mwisho damu ikakutwa na risasi. Nilipokuja kuisoma habari ile nilifunga simu nikatoka nje kwanza. Mama huyo alianza kupiga kelele 2009, akakamatwa akashtakiwa kwa uchochezi, akaachiliwa, kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Goldman, ile ya kimataifa ya watetezi wa mazingira. Julai 2020 mahakama ya mazingira Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na waliobebeshwa fungu kubwa kuliko wote ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, asilimia 40, wale wale ambao kazi yao ni kulinda. NEMA wakakata rufaa, 2023 wakazi wakapata pigo Mahakama ya Rufaa, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile bilioni 1.3. Piga hesabu. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kinafungwa alikuwa na miaka 10 siku ya hukumu ya mwisho, na risasi ikishaingia kwenye mifupa inakaa miaka na miaka, haingojei hukumu.

Kwa hiyo mkifanya, fanyeni mapema. Msisaini kitu. Waandikieni NEMA barua kuomba nakala ya ripoti ya EIA (tathmini ya athari kwa mazingira) na leseni, kuna sheria ya kupata habari ya 2016, wana siku 21 za kujibu, na barua ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, bila muhuri hamjaenda. Na msiogope kwamba hakuna aliyekufa bado, katiba kifungu cha 70 inasema anayekwenda mahakamani kudai haki ya mazingira safi halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu ameshadhurika. Kilichotuangusha sisi ni kwamba hatukuwa na namba za kabla. Pimeni watoto wachache sasa hivi, wa karibu na ukuta, changishaneni, mtunze majibu. Sisi kampuni ilituambia mnajuaje risasi hiyo haikutoka kwenye rangi ya nyumba?

Nyumbani: viatu vibaki nje, sakafu ipigwe deki ya maji, usifagie kavu unalirusha tu hewani, mikono ya watoto kabla ya kula, na wapate mboga za majani, dagaa, maharage, maana mtoto mwenye upungufu wa chuma na kalisi anainyonya risasi zaidi. Maziwa ni chakula kizuri, mpeni, ila hayasafishi kifua cha mtu. Aliye na kibarua pale ndani abadili nguo huko huko na zifuliwe mbali na za watoto, najua atakwambia hakuna bafu, hata mimi halikuwepo.

La shukrani: madawati yakija bila karatasi pokeeni, watoto wakae. Yakija na karatasi warudishieni yote mawili, na mzee atakayewaita wakorofi muulizeni nyumba yake iko upande gani wa upepo.

Wangu sasa yuko darasa la 3. Tulihama, namba imeshuka mpaka 6. Kusoma anasoma, ila pole pole, mwalimu anasema hatulii, na mimi sina wa kumuuliza angekuwaje.

Halafu kaka, hukusema, hilo tangi lenu ni la mfereji wa baraza, la kisima, au la paa? Kama ni la paa piga picha uiweke hapa, na bomba la moshi lionekane.