Jibu: Mvinyo mweupe wa kunywa na sato

Dada, umeuliza mvinyo mweupe mkavu usiolazwa kwenye mapipa ya mbao, wa kuandalia wageni na sato wa kuchoma, tena utoke kwa watu wanaowatendea haki vibarua wao. Tafuta Chenin Blanc, mvinyo wa zabibu nyeupe za jina hilo, ya Afrika Kusini. Nyingi za bei ya kawaida huchachushiwa kwenye matangi ya chuma, ndiyo maana unapata tufaha bichi, pera na ukali mwepesi wa limau, bila ile vanila ya mbao. Lebo ikiandikwa "wooded", yaani umepitia kwenye mbao, iache.

Kuhusu haki, geuza chupa. Alama ya Fairtrade, yaani biashara ya haki, ina maana kuna fedha ya nyongeza ambayo wafanyakazi wenyewe huamua matumizi yake, iwe shule, zahanati au nyumba. Stika ya WIETA, chama cha Afrika Kusini cha biashara ya haki katika mvinyo, inahusu ukaguzi wa hali za kazi. Mimi jambo hili naliona zito kuliko medali yoyote ya mashindano, maana mashamba ya mizabibu ya Cape, huko Afrika Kusini, yaliwahi kuwalipa vibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo, na ulevi ule umeumiza hadi watoto waliokuwa tumboni.

Kwa joto letu la Mwanza, usinunue chupa iliyokaa dirishani inapigwa jua. Chagua ya mwaka wa karibuni, ilaze kwenye friji kwa muda wa saa tatu hivi. Sato mchukue soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu tu. Pilipili iweke pembeni, kila mtu ajitilie, kwani ikizidi mvinyo hausikiki.