Maswali na Majibu: Programu Ipi Isimamie Miradi ya Kuboresha Utendaji?

SWALI: Mimi ni msimamizi wa ubora katika kampuni ya bima jijini Arusha. Tuna miradi kadhaa ya kuboresha utendaji, na mkubwa kati yake unahusu kupunguza muda wa kulipa madai ya ajali za magari. Kila kiongozi wa mradi ana jedwali lake la Excel kwenye kompyuta yake, na kila mwisho wa mwezi ninaletewa taarifa zinazopingana. Uongozi uko tayari kununua programu inayolipiwa kila mwezi kwa kila mtumiaji. Tuchukue ipi?

JIBU: Ushauri wangu ni kwamba msinunue chochote kwa sasa. Taarifa zinapopingana, mara nyingi chanzo ni watu wawili wanaohesabu jambo moja kwa namna mbili, na programu ya gharama kubwa itazipokea hesabu zote mbili bila kuuliza. Chukua mafaili matatu ya madai yaliyokwisha kulipwa, keti na mpokea madai pamoja na mhasibu, kisha mwombe kila mmoja aandike peke yake dai lilichukua siku ngapi. Yaelekea mmoja ataanzia siku mteja alipoleta fomu, na mwingine ataanzia siku faili lilipotimia, yaani ripoti ya polisi, nakala ya leseni ya dereva na makadirio ya gereji vyote vikiwa ndani. Mwisho wa hesabu nao una utata wake, kwa kuwa wapo wanaosema dai limelipwa hundi inaposainiwa, na wapo wanaosubiri fedha ziingie katika akaunti ya mteja. Mimi ningeanzia kwa mteja na kuishia kwa mteja, kwa sababu yeye ndiye anayekaa bila gari. Lakini lolote mtakaloafikiana liandikwe kwa sentensi mbili, liwekwe juu kabisa ya jedwali, na asiwepo mwenye ruhusa ya kulibadilisha bila kikao.

Mkishafika hapo, fungueni jedwali moja la pamoja, liwe la Google Sheets au la Excel iliyohifadhiwa mahali ambapo wote wanaifikia, na kila mradi upewe mstari mmoja. Mstari huo uonyeshe tatizo kwa namba, kiongozi wa mradi, mwenye mchakato atakayebaki nao baada ya mradi kufungwa, kipimo cha mwanzo, lengo, kipimo cha sasa na tarehe ya mapitio yajayo. Safu ya "asilimia ya utekelezaji" iondoeni kabisa. Mradi unaweza kusomeka umekamilika kwa asilimia 80 huku wateja wakiendelea kusubiri kama zamani, kwa maana asilimia hiyo huhesabu shughuli zilizofanyika, wala haisemi lolote kuhusu matokeo.

Badala yake wekeni hatua ambayo mradi umefikia. Wengi hutumia hatua tano zilizoenea kupitia Six Sigma, mbinu ya kupunguza makosa katika kazi iliyoanzia katika kampuni ya Motorola mwaka 1986: kufafanua tatizo, kupima, kuchambua chanzo, kuboresha na kudhibiti. Mradi usivuke hatua moja kwenda nyingine bila ushahidi ulioambatishwa, na hapa ndipo ninapowasihi muwe wakali, kwani timu nyingi huruka kutoka kufafanua hadi kuboresha, zikabadilisha fomu au kuongeza saini kabla ya kujua faili hukwama wapi.

Jihadharini pia na wastani. Tuchukue mfano wa madai kumi, tisa yakiwa yamelipwa kwa siku 8 kila moja na moja kwa siku 90. Wastani wake ni siku 16.2, muda ambao haukumpata mteja hata mmoja. Onyesheni thamani ya katikati, yaani ile inayokaa katikati madai yakipangwa kuanzia la muda mfupi hadi la muda mrefu, ambayo Excel huitoa kwa amri ya MEDIAN, na kando yake muwe na orodha ya madai yaliyochelewa kupita kiasi, kila moja na sababu yake.

Kwa ufuatiliaji wa kila wiki kuna chati ya udhibiti, yaani mchoro wa namba za kila wiki wenye mpaka wa juu na wa chini wa hali ya kawaida, ambayo Walter Shewhart aliibuni mwaka 1924 akiwa katika kampuni ya Western Electric nchini Marekani, na ambayo hadi leo sijaona mbadala wake. Andikeni idadi ya mafaili yanayorudishwa kila wiki kwa kukosa nyaraka, mtafute wastani wake. Kisha tafuteni tofauti kati ya kila wiki na ile iliyoitangulia, bila kujali namba imepanda au imeshuka, mpate wastani wa tofauti hizo, muuzidishe kwa 2.66, halafu mjumlishe na kutoa kwenye wastani wa kwanza. Ikiwa wastani ni mafaili 12 na wastani wa tofauti ni 3, mipaka itakuwa karibu 20 na 4. Wiki yenye mafaili 17 haihitaji mtu kuitwa ajieleze, maana ni hali ya kawaida ya mchakato wenu. Wiki yenye 23 inahitaji uchunguzi siku hiyo hiyo. Kazi yote hii inafanyika katika Excel, au katika LibreOffice Calc ambayo ni ya bure.

Itakapodhihirika kwamba jedwali limezidiwa, kwa mfano watu wanafutiana kazi au hamjui nani alibadilisha nini, nunueni kinachotatua shida hiyo tu. Kugawa kazi na kufuatilia tarehe, Trello au Microsoft Planner hutosha. OpenProject, programu ya kusimamia miradi, inaweza kusimikwa kwenye seva yenu wenyewe. Kuchora mchakato, draw.io haina gharama. Minitab, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania mwaka 1972, ni imara sana kwa takwimu, ila leseni moja kwa mchambuzi mmoja inatosha, kwani wengine watasoma chati tu. Programu zinazounganisha yote hayo, kama KaiNexus, zina maana pale miradi inapokuwa mingi na matawi mengi.

Jambo moja la kisheria: programu nyingi kati ya hizi huhifadhi taarifa nje ya nchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaweka masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu. Ndani ya jedwali la mradi tumieni namba ya dai. Jina la mteja, simu yake na ripoti ya polisi vibaki katika mfumo wenu wa madai.

SWALI: Mshauri ametueleza kwamba hatuwezi kupata cheti cha ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, bila kuwa na programu ya kusimamia ubora. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Si kweli. Toleo la 2015 la kiwango hicho linataka taarifa zilizoandikwa na kutunzwa vizuri, na zinaweza kuwa kwenye karatasi. Mwombeni akuonyesheni kifungu anachokitegemea.

SWALI: Niko katika timu ya uboreshaji huduma ya hospitali ya wilaya. Tunafuata 5S (hatua tano za kupanga mahali pa kazi) na Kaizen (uboreshaji mdogo mdogo usiokoma), lakini kompyuta ni moja, iko ofisini kwa muuguzi mfawidhi. Tufanyeje?

JIBU: Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza utaratibu huo mwaka 2007, na S zake tano, yaani sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia, hazikuhitaji kompyuta. Bandikeni ubao wodini wenye tatizo moja, kipimo chake cha kila wiki kilichochorwa kwa kalamu, na jina la anayehusika zamu hiyo. Mara moja kwa mwezi mtu mmoja aupige picha kwa simu, bila mgonjwa wala jina lake kuonekana, na aingize namba hizo katika jedwali la kompyuta hiyo moja. Ikiwa namba za ubaoni na za kompyuta zitatofautiana, aminini za ubaoni, kisha mrekebishe jedwali.