Kuchanganya unga wa kinywe kwenye zege la tangi, Mikindani

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Najenga tangi la maji la zege hapa Mikindani, karibu na bahari. Tangi la jirani limepasuka na nondo zinatoa kutu. Nasikia grafini inaimarisha zege na kupunguza saruji, na kwamba inatokana na kinywe, yale madini meusi ya kaboni (grafiti). Kuna anayeniuzia unga wa kinywe kutoka Ruangwa, na fundi anashauri kilo 2 kwa kila mfuko. Nichanganye?

Jibu: Usichanganye, ndugu yangu. Grafini ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu. Kinywe ni tando hizo zilizolaliana, kama milioni 3 katika unene wa milimita 1, nazo hushikana kwa ulegevu na kuteleza. Ndiyo maana kinywe hulainishia mashine. Kilo 2 kwenye mfuko wa kilo 50 ni asilimia 4 ya kitu kisichoshikana na saruji na kinachodai maji zaidi, kwa hiyo zege litadhoofika. Tena kinywe hupitisha umeme: kikigusa nondo ndani ya zege lenye unyevu na chumvi, kinacholiwa ni chuma. Utakuwa umeiongeza kutu uliyokuwa unaikimbia.

Grafini halisi inasaidia kweli, lakini kwa kiasi kidogo mno. Majaribio mengi hutumia asilimia 0.02 hadi 0.05 ya uzito wa saruji, yaani gramu 10 hadi 25 kwa mfuko. Tando huwa mahali pa fuwele za saruji kuanzia kukua, na zege hujibana. Mwaka 2021 sakafu ya aina hii ilimwagwa Amesbury, Uingereza, ikaripotiwa kuwa na nguvu zaidi kwa takribani asilimia 30.

Sasa tazama ndoo ya maji ya fundi wako. Kwa ujenzi wa pwani, maji yasizidi 0.45 ya uzito wa saruji: lita 22.5 kwa mfuko. Akiongeza lita 5 ili zege limiminike vizuri, nguvu hushuka karibu robo, na njia za chumvi kufikia nondo hupanuka. Lita 5 hizo zinakula karibu faida yote ya grafini. Hapo ndipo matangi mengi ya pwani yanapoharibikia.

Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto), mchanga wa mfuko mmoja ni kama kilo 80. Ukiwa na unyevu wa asilimia 5, tayari umebeba lita 4, basi ongeza lita 18.5 tu. Zege likiwa gumu kumwaga, tumia plastisaiza, dawa ya kulainisha zege bila kuongeza maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu, siyo maji. Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima chenye chumvi usivitumie kabisa. Nondo zifunikwe na zege la milimita 50, ziinuliwe kwa biskuti za zege. Vipande vya mbao au kokoto havifai, vitaacha njia ya maji. Shindilia kwa mashine, kisha funika kwa magunia na uyaweke mabichi siku 14 mfululizo. Upepo wa bahari hukausha uso wa zege haraka kuliko unavyodhani.

Ukipata grafini halisi, nunua iliyokwisha kusambazwa kwenye maji. Unga mkavu hugandamana kuwa vidonge, na kila kidonge ni sehemu dhaifu. Isitoshe, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Ikiwa na gramu 10 kwa lita, gramu 15 za mfuko mmoja ni lita 1.5, na lita hizo zitoe kwenye maji ya mchanganyiko. Changanya kwanza na plastisaiza kwenye maji, ndipo umimine kwenye saruji, kwa sababu kalsiamu ya saruji huzivuta tando zishikane tena, hasa za oksidi ya grafini, yaani grafini iliyoungana na oksijeni.

Kabla ya kugusa tangi, mimina vipande 12 vya mchemraba vya milimita 150, 6 vyenye grafini na 6 visivyo nayo. Mfuko mmoja kwa kila kundi unatosha na kubaki. Vivunjwe maabara, 3 vya kila kundi siku ya 7 na vilivyobaki siku ya 28. Hata matokeo yakiwa mazuri, usishushe saruji chini ya kilo 300 kwa mita ya ujazo, maana karibu na bahari saruji ndiyo inayoikinga nondo.