Maswali yenu: Popo anavyowinda kwa mwangwi

Maswali kuhusu popo yamerundikana kiasi kwamba leo nampa safu nzima. Baadhi nimeyafupisha, mnisamehe.

Popo si kipofu? Ndiyo maana anategemea masikio.

Hapana. Popo wote wana macho na wanaona. Wale wakubwa wanaokula matunda huona vizuri sana kwenye mwanga hafifu, na wengi wao hawana habari na mwangwi. Jamii yao moja tu, Rousettus, hujiongoza mapangoni kwa kugonga ulimi. Wanaolia kooni na kusikiliza mwangwi, jambo ambalo wataalamu huliita ekolokesheni, wengi wao ni wala wadudu.

Kama analia usiku kucha, mbona hatumsikii?

Sauti yake ni nyembamba kupita kiasi. Sikio la kijana hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na umri ukisogea hata hapo hatufiki. Popo wengi wawindaji hulia kati ya 20,000 na 100,000. Wachache huvuka 200,000. Ila msidhani ananong'ona. Ukiweka kipimo sentimita 10 mbele ya mdomo wake, wapo wanaopita desibeli 120. Mimi nashukuru sisikii.

Wembamba huo una sababu. Wimbi la mitetemo 1,000 lina urefu wa sentimita 34 hivi, nalo humpita mdudu kama maji yanavyokipita kijiti mtoni. La mitetemo 50,000 lina milimita 7 tu. Hilo humgonga na kurudi. Hasara ni kwamba sauti nyembamba hufifia upesi hewani, kwa hiyo mdudu mdogo hugunduliwa akiwa mita chache tu mbele.

Ndiyo altrasaundi ileile ya hospitali?

Jina ndilo hilo, na wazo la kusikiliza kinachorudi ndilo hilo. Ila ya hospitali ni nyembamba zaidi: mitetemo yake kwa sekunde huhesabiwa kwa mamilioni.

Mwangwi unamwambiaje popo mahali mdudu alipo?

Unamwambia kwa muda. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Nondo akiwa mita 1 mbele, mlio huenda na kurudi kwa karibu milisekunde 6. Akiwa nusu mita, milisekunde 3. Popo hakai kupiga hesabu, kama wewe usivyopiga hesabu kujua kwamba kikombe kiko karibu kuliko mlango. Upande nao huujua kwa masikio mawili: mwangwi ukilifikia la kulia mapema na kwa nguvu zaidi, windo liko kulia.

Tumfuate mmoja. Anazunguka mahali pa wazi, anatoa milio kama 10 kwa sekunde, mara nyingi mmoja kwa kila pigo la bawa, maana misuli inayoendesha bawa humsaidia kusukuma pumzi. Mara mwangwi unarudi, na safari hii umekutana na kitu. Anaelekeza kichwa huko. Milio inaongezeka, na kila mmoja unakuwa mfupi kuliko uliotangulia. Lazima ufupike, la sivyo mwangwi utamkuta bado analia na vyote viwili vitavurugana. Kwenye sentimita za mwisho milio hukaribia 200 kwa sekunde. Ukiisikiliza kwa kifaa kinachoshusha sauti hizo hadi kiwango cha sikio letu, ile tik, tik, tik inageuka ghafla kuwa zzzip, kama zipu inayofungwa kwa hasira. Halafu kimya. Amemkinga mdudu kwa utando wa bawa au wa mkia, ameinama kumtia mdomoni, na tik, tik inaanza upya. Tangu kugundua hadi kutafuna, mara nyingi sekunde moja haijatimia.

Kelele zake mwenyewe hazimzibi masikio?

Zingemziba. Ndani ya sikio kuna kimsuli kinachokaza vifupa vya kusikia kabla tu mlio haujatoka, kisha hulegea mwangwi upokewe. Hata sisi tunacho, ila chetu hakiwezi kasi hiyo.

Nani aliyegundua haya yote?

Lazzaro Spallanzani, padri na mwanasayansi wa Italia, aliona mwaka 1793 kwamba bundi hushindwa kuruka kwenye giza totoro lakini popo hana shida, hata akitolewa macho. Ukatili huo ndio uliokuwa utafiti wa siku zile. Mwaka uliofuata Louis Jurine wa Geneva aliziba popo masikio, wakaanza kugonga vitu. Jibu lilikuwa pale pale mezani, lakini nani angeamini kwamba mnyama anayeonekana kimya anaona kwa masikio? Wakachekwa. Ilibidi kungoja hadi 1938, pale mwanafunzi wa Harvard, Donald Griffin, alipopeleka popo wake mbele ya chombo cha mwanafizikia G. W. Pierce cha kunasa sauti nyembamba. Chombo kikasema: hawa si kimya hata kidogo.

Na nondo? Anangoja tu kuliwa?

Swali hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Nondo wengi wana masikio, na wa jamii moja kubwa wana chembe mbili tu za kusikia kila upande. Mbili! Zinatosha. Mlio ukiwa hafifu, popo bado yuko mbali, basi nondo anageuka na kwenda zake kabla hajagunduliwa. Ukiwa mkali, hana muda wa kugeuka: anajirusha ovyo, au anakunja mabawa na kuanguka chini kama jiwe. Nondo mmoja wa Marekani, Bertholdia trigona, hujibu kwa milio yake hadi 4,500 kwa sekunde na kumvuruga popo asijue hasa windo liko wapi.

Popo naye hakulala. Yupo mmoja wa Ulaya, barbastela, anayelia kwa sauti hafifu kuliko ya wenzake mara 10 hadi 100. Kwa upole huo huwaona wadudu wakiwa karibu tu, lakini nondo anapoanza kumsikia, mara nyingi popo ameshafika.